Sheria Ndogo Namba 14 ya Kudunda, Kutembea na Kutupa

Inatangazwa kwa wakazi wote wa kijiji cha Katmonan, kwa wageni wao, na kwa yeyote mwenye mikono miwili na nia ya kuitumia, kwamba mchezo wa mpira wa kikapu sasa unaruhusiwa.

Tangazo hilo niliandika mimi mwenyewe, Katibu wa Halmashauri ya Kijiji, na hadi leo nalionea fahari. Ni kweli kwamba watu wa Katmonan walikuwa wakicheza kikapu tangu kabla babu zao hawajanunua viatu, na kwamba hata sasa wengi wanacheza na kandambili. Lakini walikuwa wakicheza bila sheria ndogo. Hapakuwa na waraka, hapakuwa na muhuri. Miaka yote hiyo watu walidunda mpira kiholela, wakafunga, wakashangilia, wakarudi nyumbani kula, na hakuna ofisi iliyopata taarifa. Halmashauri ilipong'amua jambo hilo ilishtuka sana. Sheria Ndogo Namba 14 ni mtoto wa mshtuko huo.

Uwanja wetu ni saruji tupu, na ukiondoa barabara kuu ndiyo sehemu pekee iliyosawazishwa kijijini. Hauna paa. Paa limo njiani tangu chaguzi tatu zilizopita. Nguzo zake nne zilishafika na zinalisubiri. Kwenye kila ubao wa goli umechorwa uso wa mwenyekiti wetu, Kapitan Primitivo Baluyot, akitabasamu, na chini yake maneno MRADI WA KAPITAN TIBO. Ule mraba mdogo ambao wachezaji wa dunia nzima huulenga ili mpira ugonge na kuingia kwenye neti, kwetu umeangukia puani pake.

Wakati wa mavuno uwanja hufanya kazi mbili. Katikati watu wanacheza, na pembeni na nyuma ya magoli wanaanika mpunga. Mpira ukiingia mpungani, aliyeugusa mwisho anachukua reki, anageuza mpunga wote na kuusawazisha, na mchezo unamsubiri. Hakuna anayejua nani aliitunga kanuni hiyo. Bibi Luming anasema ilikuwepo kabla ya mpira.

Oktoba ile Kapitan alirudi kutoka ziara ya mafunzo. Alikuwa amekwenda na wajumbe wote saba kwenye mji mmoja wa pwani, siku nne, kujifunza utawala bora, na walirudi wameungua mabega. Huko waliona uwanja wa kikapu wenye uzio wa waya, geti, na kufuli kubwa kama mkate. Kapitan alitusimulia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetoka kuhiji.

"Ulikuwa msafi, Katibu. Msafi kabisa. Hapakuwa na mtu hata mmoja ndani."

Wiki hiyohiyo waya ukaletwa, mabunda tisa, ukawekwa kando ya uwanja chini ya bango lililoandikwa UZIO WA MAENDELEO.

Siku ya Jumatatu Bibi Luming aliingia ofisini akiwa na punje za mpunga kiganjani. Ana miaka sabini na tisa, na ndiye mama wa ubatizo wa Kapitan. Kwa hiyo Kapitan aliinuka, akauchukua mkono wake, akauinamia na kuugusisha kwenye paji lake la uso, kama kila mtu wa kwetu anavyowaamkia wakubwa zake. Kisha akakaa tena na kuwa serikali.

"Tibo, nasikia unazungusha waya."

"Uzio wa Maendeleo, Mama."

"Na mpunga wangu?"

"Kuna barabara kuu, Mama. Ndefu, lami safi, hakuna anayekuuliza."

"Mwaka jana nilianika huko. Malori yakakanyaga magunia mawili na mbwa."

"Ndiyo maana tunaleta mabadiliko."

"Mabadiliko gani? Malori yataruka?"

"Mama, tuwe na subira."

"Mimi ninayo. Mpunga hauna." Alimwaga punje mezani, juu ya ratiba ya vikao. Zilikuwa mbichi bado, zimeshikana. "Magunia kumi na moja, Tibo. Redio inasema kimbunga Jumapili. Nikikosa jua la Jumamosi, mpunga utaota ndani ya magunia, na mbegu ya msimu ujao imo humohumo. Mimi ndiye niliyekushika juu ya maji ya ubatizo. Ulilia kama nguruwe, na padre akakupa jina hivyohivyo."

Kapitan aliniambia nisiandike sehemu ya nguruwe kwenye muhtasari. Niliandika "mwananchi alitoa maoni ya kihistoria".

Nje, mjukuu wake Mylene alikuwa anamsubiri juu ya pikipiki yake ya abiria, ile yenye kibanda ubavuni. Bibi alipotoka na uso ule, Mylene alipiga honi mara moja. Dereva wa pili akaitikia. Baada ya dakika kumi madereva wote arobaini wa kituo walikuwa mbele ya ofisi, na honi zao hazikuwa na pumziko. Kapitan Tibo ni mtu wa watu. Alichungulia dirishani, akahesabu watu, akawa mtu wa watu mara moja.

"Tusigombane," aliwaambia akiwa kwenye ngazi. "Sisi ni kijiji cha kikapu. Jumamosi ni sikukuu ya mtakatifu wetu. Halmashauri icheze na madereva, saa tatu asubuhi. Tukishinda sisi, uzio unasimama saa sita mchana na mpunga unahamia barabarani. Mkishinda nyinyi, waya unarudi dukani na mila ya mpunga inabaki."

Madereva walicheka mpaka wakashikana mabega. Umri wa wastani wa Halmashauri ni miaka hamsini na nane.

"Kapitan," alisema Mylene, "hutaki hata siku moja ya kufikiri?"

"Mwanangu, uongozi ni kuthubutu."

Jumatano Halmashauri ilifanya mazoezi dhidi ya kwaya ya kanisa. Matokeo yalihifadhiwa kama siri ya ofisi. Alhamisi asubuhi kikaitishwa kikao cha dharura, chenye ajenda moja: kanuni za mchezo wa kikapu na jinsi zinavyokwamisha utendaji.

Alialikwa Mwalimu Abelardo kama mtaalamu. Alifundisha michezo shuleni kwetu miaka thelathini na minane, na ndiye refa wa kila mechi kijijini. Ni mtu mwembamba mwenye kipenga shingoni, na sijawahi kumwona akiwa upande wa mtu yeyote. Aliulizwa kanuni za msingi, akazitaja kwa ufupi kama mtu anayesoma bei za sokoni.

"Watano kwa watano. Ukitaka kwenda na mpira, unaudunda. Ukishaushika, una hatua mbili, basi. Toa pasi au tupa golini. Ukiudunda tena baada ya kuushika, kosa. Usisimame kwenye boksi chini ya goli la wenzio zaidi ya sekunde tatu. Usisukume, usishike, usimpige mtu mkono. Faulo tano, nenda kakae. Ukifunga kwa karibu, mbili. Nje ya mstari, tatu. Mtupo wa adhabu, moja."

Mjumbe Dimaandal, mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Amani, mtu mwenye kilo mia moja na kumi, aliinua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Kwa nini nidunde kitu ambacho nimeshakishika?"

"Ndiyo mchezo wenyewe, mheshimiwa."

"Hapana, nisikilize. Serikali ikishika kitu, haikitupi chini halafu ikaomba kirudi. Ni mfano gani huo kwa vijana?"

Wajumbe waligonga meza. Kapitan alikunja uso kwa tafakuri.

"Na hizo hatua mbili," alisema. "Kwa hatua mbili mimi sifiki hata chooni. Tukiwa na mpira tunakuwa tunakwenda kukagua hali ya upande wa pili. Nani anahesabu hatua za mkaguzi?"

"Mimi," alisema Mwalimu Abelardo. "Nahesabu za kila mtu. Ila mimi napuliza kilichoandikwa. Andikeni kingine, nitapuliza hicho."

Hapo ndipo nilipoona nafasi ya kulitumikia taifa. Nimesoma utawala wa umma, nimemaliza kwa heshima, na tasnifu yangu ilihusu ushiriki wa wananchi. Najua kwamba msamaha wa kanuni hauwezi kuning'inia hewani. Lazima uwe na msingi. Nikapendekeza Kifungu cha Pili: Mjumbe awapo uwanjani yuko kazini, na kila alitendalo humo ni tendo rasmi la Halmashauri.

Kapitan alikisoma mara mbili. "Wewe umesoma," aliniambia, na machozi yakanilengalenga, kwa sababu nyumbani hawajawahi kuniambia hivyo.

Kutoka msingi huo vifungu vingine vilishuka vyenyewe. Mjumbe mwenye mpira hatadunda, kwa kuwa mali ya umma haichezewi. Mjumbe anayetembea na mpira yuko kwenye ukaguzi. Kumnyang'anya ni kumzuia mtumishi wa umma kutimiza wajibu wake. Mjumbe akimsukuma mwananchi, huo ni ushauri wa karibu. Mjumbe aliye ndani ya boksi yuko kikaoni, na kikao hakina sekunde tatu, kinaisha kikifungwa. Mjumbe Dimaandal akakumbusha kwamba kwa miaka sita wananchi wamekuwa wakimpiga kiongozi wao puani kwa mpira, tena kwa kulenga, na wanashangilia. Kikaandikwa Kifungu cha Saba: mwananchi hatagongesha mpira kwenye ubao.

Kifungu cha Tisa kilikuwa cha maadili. Kapitan amesimamia ubatizo wa watoto mia mbili na kumi na sita, na timu nzima ya madereva imo humo, Mylene akiwa wa kwanza. Ikaamuliwa kwamba mtoto wa ubatizo akinyooshewa mkono na baba yake uwanjani, ataupokea na kuupeleka kwenye paji la uso kabla ya kuendelea na shughuli nyingine yoyote.

Kifungu cha Kumi kilisema mechi haijaisha mpaka Kapitan atie sahihi matokeo.

Kilipofika cha Kumi na Moja, cha mpunga, Mjumbe Dimaandal alitaka kifutwe. Kapitan akamzuia.

"Kiache. Watu wanakipenda. Andika, Katibu: aliyeugusa mpira mwisho atashika reki, bila kujali cheo. Hilo la cheo linasikika vizuri. Mwakani kuna uchaguzi."

Mimi niliomba kifungu kimoja tu, cha mwisho. Kwa kuwa kila tendo uwanjani ni tendo rasmi, nilitaka lipate heshima ya tendo rasmi: lipendekezwe, liungwe mkono na kupigiwa kura, yote na wajumbe wasio na maslahi katika jambo hilo, kisha libandikwe kwenye kuta tatu. Si jambo jipya. Ndivyo sheria mama inavyotaka hata kwa ununuzi wa fagio. Sikutaka pointi za Halmashauri zikawa pointi za hivihivi kama za watu wengine. Nilianza kueleza hayo yote, lakini tambi za kukaanga zilikuwa zimeingia, na Kapitan akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na uma.

Ijumaa nilikuwa nabandika sheria ukutani pale kituo cha pikipiki. Mylene alikuja akasimama nyuma yangu. Tulikaa dawati moja kuanzia darasa la kwanza hadi la sita, na yeye ndiye alinifundisha kutupa mpira kwa kukunja kiwiko.

"Wena," aliniita kwa jina, "hii umeandika wewe?"

"Kwa makini sana."

"Naona. Hata mikato imekaa kwa adabu." Alisoma akifuata mistari kwa kidole chenye grisi. "Siruhusiwi kuwazuia. Siruhusiwi kugongesha ubao. Nikimkaribia naamkia. Sasa mimi uwanjani nafanya nini, nauza karanga?"

"Soma mpaka mwisho."

"Niache bwana, nina abiria." Alirudi kwenye pikipiki, akaiwasha, kisha akaizima. "Bibi halali, unajua? Anakwenda kuingiza mkono kwenye magunia, anapima joto. Kama mtu mwenye mtoto mgonjwa."

Nilisononeka. Kifungu nilichokipenda kilikuwa chini kabisa, na hakuna aliyekuwa amefika huko.

Jumamosi jua lilitoka kali, kama lililokopeshwa kwa siku moja. Saa kumi na mbili Bibi Luming alikuwa ameshamwaga magunia yote kumi na moja nyuma ya goli la kaskazini na kando yake, akayatandaza kwa mistari. Kapitan alimruhusu hadi saa sita. Kijiji kizima kilikuja baada ya misa, na nguruwe wa sikukuu alikuwa anazungushwa juu ya makaa kando ya nguzo za paa. Halmashauri iliingia na fulana mpya zenye uso wa Kapitan kifuani, hata Kapitan. Mpiga picha alikuwepo, kwani Kapitan alikuwa ameagiza kila mjumbe, hata wale wa benchi, aingizwe na afunge walau mara moja. Kulikuwa na bango la mita sita linalosubiri picha hizo.

Nilikaa kwenye meza ya pointi. Nilichora safu mbili. Ya madereva niliipa kichwa POINTI. Ya Halmashauri niliipa kichwa ZINAZOSUBIRI KUIDHINISHWA. Hakuna aliyeniuliza.

Mwalimu Abelardo aliurusha mpira juu katikati ya uwanja. Mylene aliruka, Mjumbe Dimaandal akabaki chini, na madereva wakapata mpira. Mylene alidunda mara tatu, akasimama nje ya mstari, akakunja kiwiko. Neti ilisema shaa. Tatu kwa bila.

Kisha Halmashauri ikaanza kazi.

Mjumbe Dimaandal aliuweka mpira kwapani, akaanza kutembea. Alitembea katikati ya uwanja kwa mwendo wa maandamano ya kanisa, akiwapungia watu, na madereva wakimfuata pembeni mikono ikiwa mgongoni, kama wasindikizaji. Njiani alisimama kunywa maji. Akafika chini ya goli, akajaribu mara saba kutupa, na kila mpira ulipomrudia akajaribu tena, kwani alikuwa kikaoni. Wa nane ukaingia.

"Mwalimu, huyo katembea kutoka Manila," alisema dereva mmoja aitwaye Isko.

"Nimeona."

"Sasa?"

"Sasa soma ukuta."

Kapitan mwenyewe alikuwa na mbinu moja, nayo haikuzuilika. Alikwenda moja kwa moja kwa aliyemkabili, akanyoosha mkono wa kulia na kiganja chini. Dereva akasimama, akavua kofia, akauinamia mkono. Alipoinua kichwa, Kapitan alikuwa ameshapita. Isko aliamkia mara kumi na nne. Kufikia mapumziko paji lake lilikuwa jekundu.

"Mnazidi kuwa na adabu," Kapitan aliwaambia. "Michezo inajenga."

Mylene alicheza tu. Kila mara Halmashauri ilipofunga, alichukua mpira, akadunda, akapita kati ya wajumbe wanaotoa ushauri wa karibu, akatupa bila kugusa ubao. Kiwiko chake kilivimba. Kati ya mitupo yake aliutazama mpunga na bibi yake aliyekaa kwenye kigoda, reki mapajani, akitazama si mchezo bali kivuli cha nguzo, kinavyosogea.

Muda ulipokwisha madereva walikuwa na thelathini na saba, Halmashauri thelathini na nne. Watu walianza kuruka. Kapitan akaomba Kifungu cha Kumi kisomwe. Kikasomwa. Mechi ikaendelea. Iliendelea dakika ishirini na mbili, na madereva walikuwa wameishiwa pumzi kwa kusindikiza. Halmashauri ikafikia arobaini, Mjumbe mmoja mzee aitwaye Caparas akiwa amefunga wa mwisho kwa kubebwa. Hapo Kapitan akatangaza kwamba haki imetendeka, na mafundi wakaanza kufungua bunda la kwanza la waya.

Bibi Luming aliinuka kwenye kigoda. Alichukua gunia tupu, akaanza kuchota mpunga kwa mikono. Mylene akapiga magoti kando yake.

Mwalimu Abelardo alikuja mezani kwangu na karatasi ya matokeo. Alivaa miwani.

"Katibu, pointi za Halmashauri zimeidhinishwa?"

"Bado, Mwalimu. Zote ziko kwenye safu yake."

"Kwa hiyo madereva thelathini na saba, Halmashauri sifuri."

Alisema kwa sauti ileile ya bei za sokoni, lakini uwanja ni saruji na sauti hubeba. Fundi aliacha koleo hewani.

"Sifuri gani?" alisema Kapitan.

"Kifungu cha Kumi na Mbili. Ulikisaini." Mwalimu alimsomea.

"Basi ziidhinishe. Sasa hivi. Wajumbe wote wapo."

"Napendekeza," alisema Mjumbe Dimaandal.

"Mheshimiwa ulifunga vikapu," nilimweleza kwa upole. "Una maslahi katika jambo hilo. Inabidi apendekeze mjumbe ambaye hakufunga."

Kapitan aligeuka kuwatazama wajumbe wake. Wajumbe wakatazama uso wake, kila mmoja ule ulio kifuani pa mwenzake. Mpiga picha, kwa kutaka kusaidia, akasema anazo picha za wote saba wakifunga, na zimetoka vizuri.

"Hakuna hata mmoja aliyekosa?" Kapitan aliuliza.

"Uliagiza, Kapitan," alisema mzee Caparas.

"Huu ni upuuzi. Tendo rasmi, tendo rasmi. Tulikuwa tunacheza tu. Kikapu ni mchezo, watu wangu."

Mwalimu Abelardo alitoa daftari dogo mfuko wa nyuma.

"Kama mlikuwa mnacheza, basi nina hatua hapa. Nilizihesabu kwa mazoea. Kikapu cha kwanza, hatua sitini na moja, na maji katikati. Cha pili, hatua arobaini, na kumkanyaga Isko. Cha tatu..." Aligeuza kurasa. Zilikuwa nyingi. "Kimchezo mna pointi moja. Mtupo wa adhabu wa mzee Caparas, kipindi cha pili. Ulikuwa mzuri."

"Asante," alisema mzee Caparas.

"Kwa hiyo uchague, Kapitan. Kazini mna sifuri. Mchezoni mna moja. Mlikuwa kazini, au mlikuwa mnacheza?"

Kijiji chote kilisubiri. Hata aliyekuwa anazungusha nguruwe alisimama, na upande mmoja ukaanza kuungua. Kapitan akafanya jambo ambalo halikuwemo kwenye sheria: aliuchukua mpira kwenye meza yangu akautupa kwa nguvu zake zote.

Mpira ulikwenda moja kwa moja ukampiga puani, ubaoni.

"Kifungu cha Saba," alisema Mjumbe Dimaandal kwa mazoea, kisha akashusha mkono.

Mpira ulidunda mara moja, ukapaa, ukatua katikati ya mpunga wa Bibi Luming na kutulia humo.

Nilitazama sheria. Mwalimu Abelardo alitazama sheria. Matokeo hayajasainiwa, kwa hiyo mechi haijaisha. Mpira umeingia mpungani. Aliyeugusa mwisho anajulikana. Mwalimu akapuliza kipenga, kirefu, na kuonyesha kwa kidole.

"Siwezi," alisema Kapitan. "Mimi ni Kapitan."

"Bila kujali cheo," watu walisema. Hawakupiga kelele. Walisema kama wanavyojibu kanisani.

Bibi Luming alikuja polepole hadi mbele yake, akanyoosha mkono wa kulia, kiganja chini. Watu mia nne walikuwa wanatazama. Mwanamume wa kwetu anaweza kukataa mengi, lakini mkono wa mama yake wa ubatizo haukatai. Kapitan aliinama, akaupokea, akaugusisha kwenye paji la uso. Alipoinua kichwa, reki ilikuwa imeshashika njia yake kutoka mkono wa kushoto wa bibi hadi kwenye kiganja chake.

"Usichote, Tibo," alimwambia. "Buruta. Na mistari inyooke, si kama unavyoendesha kijiji."

Alianza saa tano na robo. Alipomaliza mstari wa mwisho, Mwalimu alichuchumaa, akatazama kwa jicho moja, akasema haujasawazika. Alirudia. Ulipokuwa umesawazika, nusu saa ilikuwa imepita, na mpunga wa kuanikwa hugeuzwa kila nusu saa. Bibi Luming akamkumbusha. Mylene alikuwa amekaa kwenye kigoda na barafu kwenye kiwiko, akila ngozi ya nguruwe.

"Baba," alimwita baba yake wa ubatizo, "pale kona umeruka."

Njia ya kuiweka reki chini ilikuwa moja, nayo ilikuwa mezani kwangu: karatasi ya matokeo. Mara ya kwanza alipopita karibu nayo hakuitazama. Mara ya tatu aliitazama. Saa nane na dakika tano, katika mgeuzo wa sita, fulana imemnata na uso wake wa kifuani umekunjamana, Kapitan Tibo alikuja na kutia sahihi. Madereva thelathini na saba, Halmashauri sifuri. Alichagua kazini.

Waya ulirudi dukani kwa pikipiki tisa. Jioni mpunga ulikuwa mkavu, unalia kama kokoto, na magunia yote kumi na moja yalilala chini ya kitanda cha Bibi Luming kabla tone la kwanza la Jumapili halijadondoka.

Jumatano tulikuwa na kikao. Nikaeleza kwamba, kwa mujibu wa Kifungu cha Pili, kugeuza mpunga kulifanyika uwanjani na ni tendo rasmi la Halmashauri, hivyo linahitaji idhini. Lilipendekezwa, likaungwa mkono, likapitishwa kwa kauli moja. Kapitan peke yake hakupiga kura, kwa kuwa na maslahi; wajumbe wengine hawakuwa nayo, maana hakuna hata mmoja aliyekuwa amegusa reki. Limebandikwa kwenye kuta tatu. Na kwa kuwa bango la mita sita lilikuwa tayari, na picha moja tu ilikuwa imeidhinishwa kisheria, limetundikwa pale uwanjani, nyuma ya goli la kaskazini: Kapitan, kainama, reki mkononi. Chini yake, MRADI WA KAPITAN TIBO.

Wachezaji wamerudi kuulenga ubao. Bibi Luming anasema picha ile imemtoa sawasawa, isipokuwa mstari wa pili umepinda.